Baba alifunga mabomba ya mvuke miaka 20, leo ana mesothelioma: haki yake iko wapi?

Swali: "Mimi ni kifungua mimba kwetu, naishi Kisumu. Baba ana miaka 74. Kuanzia 1976 hadi 1996 alikuwa fundi wa boila katika kiwanda kimoja huku magharibi mwa Kenya. Alikuwa akifunga mabomba ya mvuke kwa kamba na plasta nyeupe, na kuzibandua zikichakaa. Mwaka jana alianza kukosa pumzi. Alitolewa maji kifuani mara tatu, akatibiwa TB miezi sita bila nafuu. Miezi miwili iliyopita tuliambiwa ni mesothelioma, saratani inayoletwa na asbesto. Kiwanda sasa kiko chini ya meneja mrasimu, yule anayekisimamia kwa niaba ya wanaokidai. Kuna wanaotuambia muda wa kushtaki ulishapita, na kuna wanaosema tuna mabilioni yanatungoja Marekani. Mama naye ameanza kukohoa. Je, kuna lolote tunaloweza kufanya kisheria?"

Jibu:

Pole sana dada, wewe, Mama, na zaidi Mzee mwenyewe. Nimefanya kesi za wafanyakazi hapa Nakuru kwa miaka mingi, na ugonjwa huu ni miongoni mwa zile kesi ambazo familia hunijia zikiwa zimechelewa, si kwa uzembe wao bali kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema. Ninyi hamjachelewa. Waliokwambia muda ulipita wanahesabu kutoka siku Mzee alipotoka kazini, na hapo ndipo wanapokosea. Mwaka 1996 hakuwa na ugonjwa wa kudai.

Lakini kabla ya sheria, na kabla ya kumtafuta wakili, nakuomba ufanye jambo moja wikendi hii. Kaa na Mzee asubuhi akiwa na nguvu, simu iwe inarekodi, umwache asimulie kazi yake. Alianza mwezi gani? Nani alikuwa msimamizi wake? Ile plasta ilikuja kwenye magunia ya rangi gani, yameandikwa jina la kampuni gani, yametoka nchi gani? Walikuwa wakiikoroga na maji kwa mikono? Walipobandua ile ya zamani, vumbi lilifagiliwa kwa ufagio mkavu? Walipewa barakoa, au kitambaa tu cha kufunga puani, au hawakupewa kitu? Ovaroli ilifuliwa kiwandani au ilikuja nyumbani? Na nani alikuwa naye zamu moja, ambaye bado yu hai?

Usimharakishe. Akichoka, mwache, urudi kesho. Kisha yaandikeni yale aliyosema, asomewe kwa lugha anayoielewa vizuri, atie sahihi mbele ya kamishna wa viapo. Watafute na wenzake wawili watatu wa boila, nao waandike hati zao za kiapo. Nasisitiza hili kwa sababu niliwahi kumsimamia mzee mmoja wa hapa Nakuru aliyekuwa na karatasi zote za hospitali, safi kabisa, lakini hakukuwa na mtu wa kueleza vumbi lile lilitoka wapi. Yeye alifariki kabla hatujaandika neno, na waliofanya naye kazi walikuwa wamemtangulia. Kiwanda kilikana kwamba kiliwahi kutumia asbesto, nasi hatukuwa na shahidi wa kukijibu. Mpaka leo najilaumu kwamba sikwenda nyumbani kwake ile wiki ya kwanza.

Mesothelioma haingoji. Wengi wanaougua hawamalizi miaka miwili baada ya kuambiwa. Nakuandikia hivi waziwazi kwa sababu mipango yote mingine inategemea kuujua ukweli huu.

Sasa ugonjwa wenyewe, kwa kuwa upande wa pili utajaribu kuuchezea. Asbesto ni madini ya nyuzi nyembamba kupindukia, macho hayazioni zikiwa hewani. Zikivutwa ndani, nyingine hupenya hadi kwenye utando unaofunika mapafu na kukaa humo. Mwili hauwezi kuziyeyusha wala kuzitoa. Kutoka kuvuta vumbi hadi saratani kujitokeza hupita kati ya miaka 20 na 50, kwa hiyo fundi wa 1976 kuugua sasa si ajabu hata kidogo. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Aina zote za asbesto, nyeupe, buluu na kahawia, zinatambuliwa na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani kuwa zinaleta saratani kwa binadamu. Wakikwambia "ile yetu ilikuwa nyeupe, haina neno", usikubali.

Watauliza pia kama Mzee alivuta sigara. Jibuni ukweli, wala msiogope. Sigara ikikutana na asbesto huzidisha sana hatari ya saratani ya mapafu yenyewe, lakini mesothelioma hailetwi na sigara. Ni saratani nyingine, ya utando. Nimewaona watu wakiacha madai yao kwa sababu ya pakiti ya sigara za ujanani, na hawakupaswa kuacha.

Na ile miezi sita ya TB msiione kama doa. Huku kwetu maji yakionekana kifuani, TB ndiyo hufikiriwa kwanza, na daktari ana sababu nzuri ya kufanya hivyo. Kinachohitajika sasa ni karatasi inayosema neno la mwisho. Maji ya kifuani pekee mara nyingi hayatoshi kuthibitisha mesothelioma. Hukatwa kipande kidogo cha utando na kupimwa maabara kwa kutiwa rangi maalumu. Ulizeni kama kipimo hicho kilifanyika, na muombe ripoti ya maabara, picha za CT na muhtasari wa matibabu. Muombeni hospitali isitupe kile kipande. Kisha mwombe daktari, kwa adabu lakini bila kuona haya, aandike ndani ya ripoti kazi aliyofanya Mzee, miaka aliyoifanya, na maoni yake kuhusu chanzo. Ripoti inayosema "mesothelioma" tu ni nusu ya ushahidi. Ile inayoongeza "fundi wa boila, alishughulika na vifuniko vya asbesto 1976 hadi 1996" ndiyo inayosimama.

Tuje kwenye mlango wa kuingilia. Wengi hukimbilia mahakamani moja kwa moja, na hapo kesi hufia mlangoni. Kenya tuna Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, ile ambayo viwandani kote huitwa WIBA. Inasema mfanyakazi aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi hamshtaki mwajiri wake kortini kudai fidia; anadai kupitia Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na mwajiri au kampuni yake ya bima ndiyo hulipa. Mawakili tuliipinga sana. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilivifuta baadhi ya vifungu vyake, mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikavirudisha karibu vyote, na Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi: sheria inasimama. Kwa hiyo dai la Mzee dhidi ya kiwanda linaanzia ofisi ya Mkurugenzi huyo, inayojulikana kama DOSH, na Kisumu ofisi ipo.

Sheria hii haifidii ajali za siku moja tu. Inafidia pia magonjwa ya kazi, hata yasiyo kwenye orodha yake, mradi ithibitishwe kwamba yalitokana na kazi. Muda wa kukumbuka ni miezi 12. Ninavyoisoma mimi, kwa ugonjwa uliojificha hivi hesabu huanzia siku ulipotambuliwa, nanyi mna miezi miwili tu mliyotumia. Msingoje wa kumi na moja. Mwandikieni meneja mrasimu barua ya taarifa leo hii: jina la Mzee, namba yake ya kazi, idara, miaka, ugonjwa, tarehe ulipotambuliwa. Nakala ipelekeni DOSH, na kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Mwajiri ndiye anayepaswa kujaza fomu ya taarifa, DOSH 1, na daktari ajaze sehemu yake. Mrasimu akikaa kimya, msikae naye. Rudini DOSH na barua yenye muhuri, mwambieni ofisa kuwa mwajiri amekataa kuripoti. Kushindwa kwa mwajiri kujaza fomu hakufuti haki ya mgonjwa.

Dai likishawasilishwa, mwajiri au bima anatakiwa kulilipa ndani ya siku 90. Msiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, mna siku 60 za kumwandikia pingamizi, na jibu lake lisipowaridhisha, siku 30 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo Kisumu na kingine hapa Nakuru. Hapo ndipo mnamhitaji wakili hasa.

Kuhusu pesa, nisikudanganye. Kwa ulemavu kamili wa kudumu, na kwa kifo, fidia huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Kosa kubwa ninaloliona ni hesabu kufanywa kwa mshahara wa zamani. Kama Mzee alikuwa akipata shilingi 6,000 alipoondoka, mara 96 ni shilingi 576,000, fedha ambazo matibabu ya saratani huzimeza upesi sana. Wakili wenu ashikilie kwamba kipimo cha haki ni mshahara ambao fundi wa daraja lake angekuwa akilipwa wakati ugonjwa ulipojitokeza, si ule wa 1996. Ili hoja hiyo iwe na miguu, nendeni kwa chama cha wafanyakazi wa sekta ile, muombe mkataba wa pamoja wa mishahara unaotumika sasa. Gharama za matibabu nazo ni za mwajiri, kwa hiyo kila risiti, hata ya nauli ya kutoka nyumbani hadi hospitali, iwekeni kwenye bahasha moja.

Kuthibitisha kwamba alifanya kazi pale ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, hata kiwanda kikiwa kimefungwa na faili zimeliwa na mchwa. Nendeni Huduma Centre mkaombe taarifa ya michango yake ya NSSF. Itaonyesha ni nani aliyekuwa akimkatia, na miaka gani. Tafuteni cheti cha utumishi, kadi ya chama, hati za mshahara, picha akiwa na ovaroli, cheti cha miaka kumi ya kazi. Wazee wetu hawatupi karatasi. Angalieni lile sanduku la chini ya kitanda.

Je, mrasimu anamaanisha kampuni imekufa? Hapana. Kampuni iliyo chini ya mrasimu bado ipo kisheria na inaweza kudaiwa. Ikiwa imefika hatua ya kufilisiwa, mambo hubadilika: dai hupelekwa kwa mfilisi, na kesi huhitaji ruhusa ya mahakama. Ombeni CR12, ile taarifa rasmi ya usajili wa kampuni, kupitia eCitizen mjue hali yake na wenye hisa. Muhimu zaidi, mwandikieni mrasimu mkitaka majina ya kampuni za bima zilizoikatia bima ya wafanyakazi kati ya 1976 na 1996. Mara nyingi kiwanda kimekauka, bima iko hai.

Sasa ile habari ya Marekani. Ni kweli kwamba kampuni kadhaa za asbesto za huko zilielemewa na kesi. Johns-Manville iliomba kinga ya kufilisika mwaka 1982, na baadaye ukaundwa mfuko wa kulipa wagonjwa. Lakini mfuko wa namna hiyo huwalipa walioguswa na bidhaa za kampuni iliyouanzisha, si kila mwenye mesothelioma duniani. Ukiona tangazo kwenye simu linaahidi mamilioni, ujue limeandikiwa msomaji wa huko. Na mtu wa hapa nyumbani akikwambia utume pesa ya "kufungua faili Marekani", huyo ni mwizi.

Hata hivyo sikatai njia ya nje kabisa, na ndiyo maana nilikutuma umuulize Mzee kuhusu magunia. WIBA inamkinga mwajiri tu. Kama ugonjwa ulisababishwa na mtu mwingine, mathalani mtengenezaji wa ile plasta, sheria inamruhusu mfanyakazi kuchukua fidia ya WIBA na pia kumshtaki huyo mwingine. Wafanyakazi na wanakijiji wa Afrika Kusini waliishtaki Cape, kampuni ya asbesto ya Uingereza, huko huko kwao Uingereza. Kampuni ilibisha kwamba kesi isikilizwe Afrika Kusini, lakini mwaka 2000 Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho Uingereza, liliwaruhusu wasikilizwe kule kule. Mwaka 2003 kampuni ililipa kwa makubaliano, ikiwahusu maelfu ya wadai. Walikuwa wengi, walikuwa na mawakili waliobobea, na walijua jina la aliyewaumiza. Familia moja peke yake hailiwezi jambo hili kwa urahisi. Mafundi kumi wa boila moja, wakiwa na jina la gunia, wanaweza kupata wa kuwasikiliza.

Nimebakiza Mama kwa sababu anahitaji nafasi yake. Nani alifua zile ovaroli kwa miaka 20? Kama ni yeye, alizikung'uta nje kwanza, vumbi likamrudia usoni, kama wanawake wote walivyofanya. Mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma huko Afrika Kusini, na baadhi yao hawakuwahi kuajiriwa mgodini. Waliishi tu karibu na vumbi, wengine wakiwa watoto. Kikohozi cha Mama kinaweza kuwa mafua tu, na naomba kiwe hivyo. Ila mpelekeni apigwe picha ya kifua, na daktari aambiwe habari ya ovaroli bila kungoja aulize. Nyinyi watoto mliokulia nyumba ile nanyi mwambieni daktari wenu.

Kisheria Mama yuko mahali tofauti kabisa na Mzee. Hakuajiriwa, kwa hiyo WIBA haimhusu na haimfungi. Akipatikana na ugonjwa wake mwenyewe, anaweza kukishtaki kiwanda kwa uzembe kwenye mahakama za kawaida. Muda ni miaka mitatu, na Sheria ya Ukomo wa Mashtaka ina mlango wa kuomba ruhusa pale ambapo mtu hakuweza kujua mambo ya msingi ya dai lake kwa wakati. Dai linalosimama juu ya mkataba wa ajira halina mlango huo, ndiyo sababu nyingine ya kutochanganya kesi ya Mama na ya Baba. Kuna pia Katiba, kifungu cha 42, haki ya mazingira safi. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliodhuriwa na madini ya risasi ya kiwanda jirani, walitumia njia hiyo: mwaka 2020 wakapewa shilingi bilioni 1.3, wakanyang'anywa kwenye rufaa mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia. Ilichukua miaka mingi, lakini sasa uamuzi huo uko pale kwa kila mtu aliyeumizwa na vumbi ambalo halikuwa kazi yake.

Kuhusu wakili: Kenya makubaliano ya "nitalipwa tukishinda tu" hayakubaliki kisheria, kwa hiyo mwenye kukuahidi hivyo hospitalini ni wa kuogopa. Kubalianeni ada kwa maandishi. Msipokuwa na uwezo, ombeni msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Na Mzee asitie sahihi hati yoyote ya mrasimu inayosema "nimepokea malipo yote na sina dai tena" kabla wakili hajaisoma.

Hili lifuatalo ni gumu kuliandika. Mzee akitutangulia, dai halizikwi naye. Wategemezi wanaweza kudai ndani ya miezi 12 tangu kifo. Hakikisheni cheti cha kifo kimeandika mesothelioma, si "kukosa pumzi". Kama vipimo vya uhai wake vilikuwa na utata, fikirieni kukubali uchunguzi wa mwili kabla ya mazishi. Najua ukoo unavyolipokea jambo hilo, hasa wazee wakishafika na siku ya mazishi imepangwa. Zungumzeni na Mzee mwenyewe sasa, aseme anavyotaka, ili siku hiyo usiwe wewe unayebishana na wajomba.

Kwa sasa bado yupo, na kuna kazi ya kufanya kwa ajili ya pumzi yake. Maji yakirudi kila wiki, ulizeni kuhusu kuziba ile nafasi ya kifuani au kuwekewa mrija wa kudumu, badala ya kumchoma sindano kila mara. Dawa za saratani zipo zinazoweza kurefusha muda. Daktari wa saratani atasema kama mwili wake unazihimili. Kisumu mna hospisi pale kwenye hospitali ya Jaramogi, ile ambayo wenyeji bado wanaiita Russia. Watu hufikiri hospisi ni mahali pa kwenda kufia. Nendeni mapema, wawape dawa za maumivu na za pumzi, ili Mzee alale usiku na asubuhi apate sauti ya kukusimulia habari za boila.